Kitabu cha nakala tatu cha maagizo ya saiti, cha kuchapisha River Road

Mwenye jengo anapita saiti Jumamosi, anasema "huo mlango usogezeni kidogo," anaondoka. Siku ya malipo kila mtu anakumbuka maneno tofauti. Dawa yake ni kitabu cha seti 50, karatasi zisizohitaji kaboni: nyeupe ya kontrakta, waridi ya mkadiriaji gharama, njano haitoki kitabuni. Wachapishaji wa River Road, Nairobi, hukitengeneza kwa oda.

Vilivyo tayari madukani viacheni. Vimepangwa kwa kuuzia bidhaa: idadi, bei, jumla. Agizo la mabadiliko linataka namba ya mchoro na toleo lake, aliyeagiza, sababu, pesa zinazopanda au kushuka, na siku zinazoongezeka. Safu ya siku ndiyo husahaulika, kisha kontrakta anadaiwa fidia ya kuchelewa kwa kazi aliyoongezewa. Chukua A4; A5 haina pa kuchorea, na mchoro wa mkono wenye vipimo unashinda aya nzima.

Tazama huo mlango. Ukisogezwa milimita 600 ukuta ukiwa umeshapita linta (boriti iliyo juu ya mlango), linta ya zamani haifai tena. Mpya ikalie mawe angalau milimita 150 kila upande. Swichi inajikuta nyuma ya mlango, paipu ya waya inachimbiwa njia mpya, tundu la zamani linazibwa, plasta inarudiwa. Foremani akiandika "kusogeza mlango" tu, atalipwa kusogeza mlango. Kila kazi iwe na mstari wake.

Udhaifu wa kitabu uko mgongoni: gundi peke yake haivumilii saiti, kwa hiyo lipia pini na mkanda wa kitambaa. Kadi ngumu ikae chini ya nakala ya tatu, la sivyo maandishi yanapenya hadi agizo linalofuata. Andika kwa biro, na ubonyeze. Karatasi hizi hufifia juani, basi piga picha siku hiyo hiyo uitume kwenye grupu ya WhatsApp.

Kuondoa kolamu (nguzo ya jengo) au kuongeza ghorofa si kazi ya kitabu. Hayo huanzia kwa mhandisi, na michoro iliyorekebishwa irudi kaunti kuidhinishwa kabla fundi hajashika nyundo, hata kama mwenye jengo ameshatia sahihi.

Ukiagiza viwili, mwambie mchapishaji cha pili kianze 051. Asipoambiwa ataanza 001 tena, nawe utakuwa na agizo namba 7 mara mbili.