Dawa za kutoa rangi kwenye vigari vya plastiki: ipi ununue, ipi uiache dukani

Malalamiko mengi ninayotumiwa yanafanana: rangi ya zamani imetoka vizuri, kigari kimeoshwa, kimepuliziwa rangi mpya, na rangi mpya imekataa kushika. Msomaji mmoja alinitumia picha ya Jeep ya kijeshi ya skeli ya 1/35. Boneti imejaa vitundu vidogo vya duara, na grili imezibwa na kitu cheusi kinachonata. Aliyeharibu pale ni dawa ya kutolea rangi, kwa sababu ilibaki kwenye plastiki.

Ndiyo maana sitajadili ipi inatoa rangi haraka zaidi. Jiulize hivi kabla hujatoa hela: ikishamaliza kazi, dawa yenyewe inaondokaje? Wauzaji hawaligusi swali hili kabisa, na kwangu ndilo linalopanga orodha nzima. Ninazungumzia polistireni, plastiki ya vigari vya kuunga kipande kwa kipande vya kampuni za Tamiya, Revell, Airfix na wenzao.

Namba moja ni Tamiya X-20A. Mimi ni mtu wa Tamiya, sifichi. Hii ni thina ya rangi zao za akriliki (rangi zinazochanganywa kwa maji au alkoholi), zile zenye namba za X na XF, na msingi wake ni alkoholi. Lowesha pamba ya masikio, pitisha taratibu kwenye mlango au bampa, na utaona rangi inalainika na kuhamia kwenye pamba. Kinachobaki kwenye plastiki kinakauka chenyewe, hata ndani ya mistari ya milango ambako mswaki haufiki. Ni ghali kwa kulowekea bodi nzima, kwa hiyo mimi huitumia pale ninapotaka kutoa rangi sehemu moja bila kugusa jirani yake. Angalia sana usichukue thina ya laka ya Tamiya, ile ya kifuniko cha njano. Hiyo inakula polistireni.

Namba mbili, kwa kulowekea, ni alkoholi ya isopropili ya 99%. Ile ya 70% nayo inafanya kazi, ila polepole, maana sehemu iliyobaki ni maji. Tia vipande kwenye chombo chenye kifuniko, vikague mara kwa mara, sugua kwa mswaki laini. Vioo vya kigari viweke pembeni, kwa sababu plastiki angavu inaweza kupata nyufa. Fanya kazi hii mbali na jiko, dirisha likiwa wazi. Kwa akriliki inatosha kabisa. Kwa enameli (rangi ya mafuta) iliyokomaa, kama za kampuni ya Humbrol, mara nyingi inashindwa.

Hapa kwenye alkoholi ndipo ninapokasirika. Kuna wauzaji wanaopima kutoka kwenye dumu, wanajaza chupa ndogo, wanabandika karatasi ya "99%" na kutoza bei ya 99%. Ndani kuna maji, au kuna sanitaiza iliyolainishwa. Sanitaiza ya jeli ina vitu vya kuifanya nzito na mara nyingi gliserini ya kulinda ngozi, na vyote hivyo vinabaki kwenye plastiki yako. Nunua chupa yenye lakiri. Ukifika nyumbani, dondosha tone moja kwenye kioo safi na uliache likauke. Likiacha duara au utando, irudishe, na usikubali kuambiwa kioo kilikuwa kichafu. Mtu amelipia usafi, apewe usafi.

Namba tatu ni mafuta ya breki ya DOT 3, kwa ajili ya enameli tu. Yanapatikana kila duka la spea na yanatoa rangi ambayo alkoholi imeishindwa. Lakini soma namba kwenye chupa. DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 ni za glikoli, zinaoshwa kwa maji na sabuni. DOT 5 ni silikoni: rangi haitoi, na ikigusa plastiki, rangi mpya itaikimbia na kuacha vile vitundu vya duara. Fundi spea anayekwambia "zote ni breki tu, dada" anazungumzia gari la barabarani. Vaa glavu, na usimwage kwenye karo.

Dettol ya kahawia naiweka ya nne, ingawa wengi wanaisifu, hasa Uingereza. Inatoa rangi kweli, na polistireni haiidhuru. Tatizo linaanza ukiipeleka bombani. Maji yakiigusa inageuka nyeupe kama maziwa, na rangi iliyokwisha kulainika inaganda kuwa gundi inayokamata nywele za mswaki, rimu na grili. Dawa yake ni kusuuza kwa Dettol mpya mpaka isitoe rangi tena, ndipo uende kwenye maji na sabuni. Kwa hiyo hesabu chupa mbili, na kwa bei ya chupa mbili mimi nanunua isopropili.

Za bei rahisi: spiriti ya zambarau inasaidia kidogo lakini ina rangi yake. Jik ni ya kuondoa kromu tu, ule mng'aro wa chuma uliopakwa kwenye vipande, na usiichanganye na spiriti wala dawa nyingine yoyote. Asetoni, petroli na thina ya gari zinayeyusha plastiki.

Bodi angavu za magari ya rimoti ni polikaboneti, na rangi hupigwa kwa ndani. Rangi za Tamiya za PS zimetengenezwa kuing'ata plastiki hiyo, na kwenye orodha hii hakuna dawa ninayoiamini kuzitoa bila kuacha ukungu. Hela hiyo iweke kwenye bodi mpya.