Accu-Chek Instant: mashine ya sukari, na jinsi ya kutumia stripu 50 bila kuzipoteza

Kliniki humwambia mwenye kisukari cha aina ya pili apunguze wanga, ale mboga kwa wingi na afanye mazoezi. Apunguze kiasi gani, na wanga upi? Hapo kila mtu hurudi nyumbani na makisio yake. Mashine ndogo ya kupimia sukari inaweza kumjibu, tena kwa sahani yake mwenyewe. Tatizo ni kwamba wengi hupima asubuhi tu, kabla ya chai, na stripu (vibanzi vya kupokea damu vinavyochomekwa kwenye mashine) zikiisha mashine inalala kabatini. Kipimo cha asubuhi ni muhimu, lakini hakikuonyeshi ugali wa jana mchana ulifanya nini. Ubora wa Accu-Chek Instant tunaupima kwa hilo: je, inafaa kwa mtu anayetaka kujua sahani ipi aiache na ipi abaki nayo?

Kwa kazi hiyo inafaa. Inahitaji tone dogo sana la damu, mikrolita 0.6, na jibu linatoka chini ya sekunde 4. Haihitaji kuingiziwa namba ya utambulisho kila unapofungua kichupa kipya cha stripu, na hilo linaondoa kosa lililokuwa likiwasumbua sana wazee kwenye mashine za zamani. Mdomo wa stripu ni mpana, kwa hiyo hata mkono unaotetemeka unaweza kuugusisha tone. Pembeni mwa kioo kuna upau wa rangi unaoonyesha kama kipimo kiko ndani ya lengo, chini au juu. Asiyezoea namba anaelewa kwa jicho. Inahifadhi vipimo 720, na mwenye simu anaweza kuvihamishia kwenye programu ya mySugr kwa Bluetooth. Betri zake ni zile za duara za CR2032, ambazo hazina shida kupatikana.

Kabla ya kulipa, hakikisha mambo mawili. La kwanza ni kizio, yaani namna namba za sukari zinavyoandikwa: mmol/L au mg/dL. Kizio hupangwa kiwandani na huwezi kukibadilisha, kwa hiyo chukua mashine yenye mmol/L kama kliniki yako inaandika mmol/L. Ukikuta ya mg/dL, namba yake ikigawanywa kwa 18 ndiyo mmol/L. La pili ni stripu. Stripu za Instant hazifanyi kazi kwenye Accu-Chek Active wala kwenye mashine nyingine, na baada ya miezi michache stripu ndizo zitakazokuwa zimekula fedha kuliko mashine yenyewe. Uliza kwanza bei ya boksi la stripu 50, na uhakikishe zinapatikana katika maduka ya dawa mawili au zaidi karibu nawe. Mashine ya bure isiyo na stripu mtaani kwako haina faida. Soma pia tarehe ya mwisho kwenye kichupa chenyewe, siyo kwenye boksi pekee.

Stripu huharibiwa na joto na unyevu. Zinatakiwa zikae mahali pasipozidi nyuzi joto 30, na hapo ndipo Dar es Salaam, Tanga au Mombasa penye joto la Januari hadi Machi panapoleta shida. Usiziache ndani ya gari, dirishani wala jikoni. Usizitie friji pia, maana ukizitoa baridini zinashika umande. Zikae kwenye kichupa chake, chumba chenye kivuli, na kifuniko kifungwe mara tu unapochomoa moja. Anayezihamishia kwenye kimfuko ili zibebeke kirahisi anaziua.

Sasa kidole. Nawa kwa sabuni, suuza, kausha kabisa. Aliyemenya embe au chungwa akapima bila kunawa anaweza kuona namba ya kutisha ambayo imetoka kwenye ngozi, wala haimo kwenye damu. Spiriti isiyokauka nayo inachanganyika na tone na kuharibu kipimo. Toboa ubavuni mwa ncha ya kidole, siyo katikati ya nyama unayoshikia vitu. Ubavuni hakuumi sana. Kalamu ya kutobolea ya Softclix inayokuja na mashine ina viwango 11 vya kina: anza na 2, panda nusu nusu kama damu haitoki. Ning'iniza mkono chini kwanza, kisha kamua taratibu kuanzia kiganjani. Ukibinya ncha kwa nguvu, maji ya mwilini yanaingia kwenye damu. Kisha gusisha mdomo wa stripu kwenye tone ili ivute yenyewe; usiipake damu kwa juu.

Ujue pia mpaka wa usahihi wake, usije ukagombana na namba. Kigezo cha kimataifa cha ISO 15197 cha mwaka 2013 kinataka vipimo 95 katika kila 100 visiachane na maabara kwa zaidi ya asilimia 15, sukari ikiwa 5.55 mmol/L au zaidi. Maana yake, sukari ya kweli ikiwa 10.0, mashine nzuri inaweza kusoma 8.5 au 11.5. Tofauti ya 0.5 kati ya leo na jana haina maana yoyote. Ukitaka kuilinganisha na maabara, fanya hivyo kabla ya kula, dakika zile zile. Baada ya mlo damu ya kidole huwa na sukari zaidi kuliko ya mshipa. Na mwenye upungufu mkubwa wa damu amweleze daktari, kwa sababu mashine za aina hii humsomea juu kuliko hali halisi.

Boksi la stripu 50 tunalipangia hivi, kwa asiyetumia insulini. Stripu 7 ni za asubuhi, wiki ya kwanza, upate msingi. Kisha chagua sahani sita unazokula kwa kawaida: ugali wa sembe, ugali wa dona, wali wa nazi, chapati na maharage, viazi vitamu vya kuchemsha, ndizi. Kila sahani ipime mara mbili kwa siku tofauti, na kila mara pima kabla ya tonge la kwanza, kisha saa mbili kamili tangu tonge hilo. Hizo ni 24. Namba unayoitafuta ni tofauti ya vipimo viwili. Kwa watu wazima wengi lengo ni 4.4 hadi 7.2 kabla ya kula na chini ya 10.0 baada ya kula, ingawa mjamzito na mzee dhaifu hupangiwa lengo lao.

Sahani iliyopandisha kuliko zote usiifute bado. Irudie siku mbili ikiwa nusu ya wanga, nafasi iliyobaki ijazwe mchicha, matembele au dagaa, na mboga zitangulie kuliwa: stripu 4. Irudie tena siku mbili kwa kiasi kile kile cha awali, lakini utembee baada ya kula: 4 nyingine. Zinabaki 11 kwa siku za homa, dalili za sukari kushuka, na stripu zitakazoharibika. Pilau na chapati za mafuta mengi zina ujanja wake, kwani mafuta huchelewesha chakula tumboni. Baada ya saa mbili namba inaweza kuwa nzuri na baada ya saa tatu ikawa juu. Kwa hizo, toa stripu moja ya akiba upime saa ya tatu.

Kutembea kunafanya kazi kwa sababu msuli unaojikunja huvuta sukari hata insulini inapofanya kazi kwa shida. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, walionyesha mwaka 2016 kuwa dakika 10 za kutembea baada ya kila mlo zilishusha sukari ya baada ya kula kwa asilimia 12 zaidi ya dakika 30 za mara moja kwa siku, na baada ya mlo wa jioni nafuu ilifika asilimia 22. Jioni ndipo wengi wetu tunapokula sahani kubwa kisha tukakaa. Vaa viatu vilivyofunika vidole, kagua miguu ukirudi.

Anayetumia vidonge vya glibenclamide au insulini, ambavyo vinaweza kushusha sukari kupita kiasi, apime pia kabla ya kutoka. Akiwa chini ya 5.0 ale kwanza kitu chenye wanga. Kutetemeka, jasho la ghafla na moyo kwenda mbio, namba ikiwa chini ya 3.9, ni sukari kushuka: vijiko vya chai vitatu au vinne vya sukari kwenye maji, subiri dakika 15, pima tena. Siku ya namna hiyo usitembee. Kwa anayetumia vidonge vya metformin peke yake hatari hii ni ndogo sana. Namba ikizidi 16.7 na mtu anajisikia vibaya, aende hospitali, asiende mazoezini.

Mashine haichukui nafasi ya HbA1c, kipimo kinachoonyesha wastani wa takriban miezi mitatu. Mwenye selimundu amkumbushe daktari, kwa kuwa HbA1c yake inaweza kudanganya, na kwake daftari la vipimo vya kidole lina uzito zaidi.

Nyumba yenye wagonjwa wawili inaweza kujikuta ikitumia kalamu moja. Isiwe hivyo hata kama sindano inabadilishwa, kwa sababu damu hubaki kwenye kofia ya kalamu na homa ya ini aina ya B huambukizwa kwa njia hiyo. Kila mtu awe na kalamu yake yenye jina. Sindano zilizotumika ziingie kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko, na ikijaa robo tatu ipelekwe kliniki siku ya miadi.