Uzoefu wangu na Metabase: ripoti ya mauzo kabla ya chai

Mimi ni mhasibu wa kiwanda cha mikate Dar es Salaam. Zamani ripoti yetu ya mauzo ilikuwa faili la Excel ninalolirusha kwenye grupu la WhatsApp. Msimamizi wa Mbagala ana la jana, wa Kimara kafungua la juzi, na kikaoni kila mmoja anatetea namba yake.

Miezi minane iliyopita kijana wetu wa kompyuta alitufungia Metabase, programu ya kutengeneza ripoti, toleo la bure, kwenye seva ya ofisi. Inafunguka kwenye kivinjari na kusoma hifadhidata ya mauzo moja kwa moja. SQL, lugha ya kuuliza hifadhidata, siijui hata mstari. Nachagua tu: mauzo, jumla, kwa tawi, kwa siku. Dashibodi, yaani ukurasa wenye ripoti zote pamoja, inajituma yenyewe kwa baruapepe kila asubuhi, na anayetaka Excel anaipata kama kiambatisho.

Kilichonitoa jasho ni saa. Niliweka itumwe saa 12 asubuhi, ikawa inaingia saa 3, kikao kimeshakwisha. Tena mikate tunayopakia saa 8 usiku wa kuamkia Jumatatu ikawa inahesabiwa ya Jumapili. Bosi akauliza, "Mhasibu, Jumapili tulifunga. Hii mikate kauza nani?" Sikuwa na jibu. Kumbe uzembe wetu: saa za ripoti tuliziacha kwenye UTC, saa ya kimataifa, iliyo nyuma yetu kwa saa 3. Tulipochagua Africa/Dar_es_Salaam, mikate ikarudi kwenye siku yake. Nawe ukifunga, anza na hapo. Pia usiiache Metabase itunze kumbukumbu zake kwenye H2, hifadhidata ndogo inayokuja nayo. Waundaji wenyewe wanaonya. Sisi tulihamia PostgreSQL, hifadhidata nyingine, mapema.

Kwenye ugawaji, nilitaka dashibodi moja ambayo kila tawi linapokea namba zake tu. Uwezo huo uko kwenye toleo la kulipia, kwa hiyo nikatengeneza dashibodi nne. Kazi ya mchana mmoja, ila nikibadilisha kitu nabadilisha mara nne.

Ripoti zinatoka kwa baruapepe au Slack, programu ya kuchati kazini. Msimamizi wetu wa Gongo la Mboto hufungua baruapepe mwezi ukiandama. Huyo bado namtumia picha ya skrini WhatsApp, na ndiye wa kwanza kupiga simu namba isipomkalia vizuri.