Blogger kwa blogu ya safari ukiwa ugenini: naipa nyota tatu na nusu

Mi ni wa Mwanza ila kazi imenileta Kisumu, ziwa lilelile upande wa pili, na kila nikirusha picha za ufukwe wa Dunga kwenye grupu la familia wanauliza kwani huko kuna nini kingine, basi nikaona nifungue blogu ya safari kabisa niwajibu wote pamoja. Nikachagua Blogger ya Google sababu ni bure, unaingia na akaunti yako ya Google tu, unapewa anwani inayoishia blogspot.com, shughuli imeanza.

Napenda ilivyo nyepesi. Narudi kutoka Kit Mikayi, yale mawe marefu njia ya Bondo, niko kwenye matatu naandika kwa simu naacha kama rasimu, picha naweka nikifika nyumbani (zipunguze saizi kwanza jamani, bando la msomaji nalo ni pesa). Alafu kuna lebo, yaani maneno ya kupanga posti kwa mada. Nina lebo ya "bei" na ndo inayosomwa kuliko zote, maana mgeni mwenzangu anataka kujua nauli na kiingilio kabla ya uzuri wa mahali, mfano pale Impala Sanctuary, hifadhi ya wanyama hapa Kisumu, raia wa Afrika Mashariki ana bei yake tofauti na mtalii wa mbali, we nenda na kitambulisho tu.

Sura yake sasa, mh. Templeti zake zimechoka, utafikiri mwaka 2010. Ukitaka jina lako mwenyewe unanunua domeini, hata .co.ke, Blogger haikutozi kitu kuiunganisha ila zile rekodi za CNAME (mipangilio ya kuielekeza domeini kwenye blogu yako) zinataka utulivu au kijana wa saiba.

Tuje kwenye hela, na hapa mnaoishi nchi ya watu msome polepole. Matangazo yanakuja kupitia AdSense, mpango wa matangazo wa Google, na ukishachagua nchi kwenye akaunti haibadilishwi, ukihama inabidi ufunge uanze upya. Mapato yakifika dola 10 wanakutumia PIN (namba ya kuthibitisha anwani yako) kwa posta, barua ya karatasi kabisa, kwa hiyo kama huna sanduku ongea mapema na mtu wa ofisini kwenu akuruhusu kutumia la ofisi, kodi ya posta ya Kisumu ni 40100. Na malipo hayatoki mpaka ufikishe dola 100, ambayo kwa blogu changa ya Kiswahili ni safari ndefu kuliko zote utakazoandika humo. Mwenye mkataba mfupi wa kazi ugenini asihangaike na matangazo, aandike tu.

Anayetaka mambo makubwa, duka na mbwembwe, aende WordPress akiwa na hela ya hosti (wa kukuhifadhia tovuti). Mi hapa panantosha kwa sasa. Inayofuata ni msitu wa Kakamega, mwenye kujua mwongozaji mzuri wa kutazama ndege wa msituni kule aniachie namba inbox.