Paneli za sola Lubumbashi: kibandiko kinasema wati 300, jua linatoa ngapi?

Kwenye vibanda vya sola vya Kenya na Katuba, komini (sehemu za kiutawala) za Lubumbashi, hadi katikati ya mji, utakutana na bidhaa za aina mbili. Ya kwanza ni paneli ndogo iliyoandikwa "300W", haina jina la kiwanda unachoweza kukifuatilia, urefu wake mita 1 hivi na upana sentimita 67. Ya pili ni paneli kubwa ya wati 550 ya viwanda vinavyojulikana kama Jinko, LONGi au JA Solar: mita 2.28 kwa 1.13, kilo 28 hivi. Zote mbili hutoa pungufu ya kilichoandikwa mgongoni. Hii kubwa hupunguziwa na joto na vumbi. Ile ndogo hizo wati hazikuwahi kuwamo.

Kabla ya kuuliza bei, toa futi ya kupimia. Kwenye jua kali la kipimo cha maabara, mita moja ya mraba hupokea wati 1,000, na paneli nzuri ya monokristali hugeuza kama asilimia 21 kuwa umeme, yaani wati 210. Paneli ya sentimita 100 kwa 67 ina mita za mraba 0.67. Hata ingekuwa na seli nzuri kama hizo, ingeishia wati 140. Kwa seli za bei rahisi, hesabu 110 hadi 120. Fanya hesabu hiyo hiyo kwa ile kubwa: 2.28 mara 1.13 ni 2.58, mara 210 unapata wati 540 na kitu. Kibandiko chake kinakubaliana na futi. Tuseme ile ndogo inauzwa dola 60: mnunuzi anaamini analipa senti 20 kwa wati, kumbe analipa senti 50. Hapo urahisi wake umekwisha.

Muuzaji naye atachomoa multimeta akuonyeshe volti 21. Usibabaike. Volti hupanda karibu na kilele hata kukiwa na wingu, na paneli ya wati 20 yenye seli 36 huonyesha volti zile zile za paneli ya wati 150. Ukweli uko kwenye ampea. Saa sita mchana, mbingu ikiwa safi, funika paneli kwa kitambaa kizito, unganisha plasi na minasi yake, bana waya kwa mita ya kubana inayosoma DC (umeme wa paneli na betri), elekeza paneli kwenye jua, kisha funua. Paneli haiharibiki kwa kufanyiwa hivyo; ifunike tena kabla ya kutenganisha waya, cheche za DC zinachoma vidole na viunganishi. "300W" ya volti 18 ingepaswa kutoa ampea zaidi ya 16. Ikitoa 6 au 7, umeshajua. Ile ya 550 husoma karibu na 14.

Sasa hiyo ya 550, ukishaifunga juu ya mabati. Kipimo cha kiwandani kinachukulia seli iko kwenye nyuzi 25. Mwezi wa kumi hapa hewa ikifika nyuzi 32, seli hufika 60, na kila nyuzi moja juu ya 25 hula kama asilimia 0.35. Hiyo ni asilimia 12, unabaki na wati 484. Toa za waya, regulateri (kifaa kinachosimamia uchaji wa betri) na vumbi kidogo: wati 430 hadi 460 adhuhuri ni matokeo mazuri, fundi wako hajakuibia. Kwa siku ya jua la kawaida tarajia kilowati-saa 2 hivi. Mwezi wa sita baridi inasaidia, ila jua limeinama kaskazini: paneli iliyolala bapa hupata asilimia 82 tu ya jua la adhuhuri, iliyoinuliwa nyuzi 15 kuelekea kaskazini hupata 94.

Kinachoumiza zaidi ni regulateri ya PWM, ile aina rahisi inayounganisha paneli moja kwa moja na betri. Paneli hii hufanya kazi kwenye volti 42. PWM huivuta hadi volti ya betri: ampea 13 mara volti 13, wati 170 basi. Umelipia 550! Kwa paneli hii weka MPPT, regulateri inayogeuza volti za ziada kuwa ampea, inayostahimili volti 60 au zaidi, kwa kuwa bila mzigo paneli hupanda hadi karibu volti 50. Anayekuuzia paneli kubwa pamoja na PWM ya betri ya volti 12, mkimbie.

Kuna malalamiko ambayo si ya paneli hata kidogo: saa tano asubuhi, jua kali, skrini inasoma wati 90. Angalia betri. Ikiwa imejaa, regulateri imefunga bomba na inachukua kinachohitajika tu. Pima betri ikiwa imeshuka, au washa pasi kwenye inveta inayoimudu, uone wati zinavyoruka.

Waya: kwa paneli ya 550, mita 10 kutoka darini hadi regulateri, waya wa milimita 4 za mraba hupoteza wati 15, wa 1.5 hupoteza karibu 40. Kwangua uzi mmoja kwa kisu. Ukiwa mweupe ndani, ni alumini iliyopakwa shaba, na hasara inazidi.

Kivuli cha mwembe kikigusa pembe moja kinaweza kuondoa theluthi ya umeme au zaidi, hivyo kata tawi kabla hujaongeza paneli. Vumbi jekundu la kiangazi, mwezi wa tano hadi wa tisa, lioshe kila wiki mbili, alfajiri, kwa maji matupu na kitambaa laini. Maji baridi juu ya kioo cha adhuhuri yanaweza kukipasua.