Tathmini ya mazingira ya uokozi ya Windows, baada ya kufuta faili ya mfumo kwa mkono wangu

Mazingira ya uokozi yanayokuja pamoja na Windows, yaani menyu ya zana za kuitengeneza Windows inaposhindwa kuwaka, ni kitu ambacho mtu anaweza kukaa nacho miaka mingi bila kukigusa, na nisingekuwa na la kusema juu yake kama nisingefuta, kwa kujiona mjuzi, faili ambayo laptopu haiwezi kuwaka bila hiyo. Nilikuwa nimeiwasha mashine kwa Linux, mfumo endeshi mwingine, kutoka kwenye fleshi, kisha nikaendesha programu ya kutafuta faili pacha ili nipate nafasi zaidi kwenye diski. Programu ilinionyesha kwamba faili kadhaa za System32, folda ya faili muhimu za Windows, zina nakala zinazofanana nazo kabisa ndani ya WinSxS, folda ambayo ni ghala la Windows la faili zake za mfumo, nami nikaamua kwamba pacha mmoja anatosha.

Windows yenyewe isingeniruhusu kirahisi, kwa sababu faili hizo humilikiwa na TrustedInstaller, akaunti maalumu ya ndani ya Windows, na hata msimamizi wa kompyuta hawezi kuzifuta mpaka kwanza achukue umiliki wake. Linux niliyokuwa nikiitumia haikujali makatazo hayo. Nilifuta faili saba, mojawapo ikiwa winload.efi, ambayo kazi yake ni kupakia kiini cha mfumo endeshi. Nilipoangalia nafasi iliyobaki kwenye diski, haikuwa imeongezeka. Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka, lakini niliona ni programu tu imechelewa kuhesabu, nikazima mashine na kuiwasha upya. Ilipowaka, skrini ya buluu ilitaja njia nzima ya kufikia winload.efi pamoja na msimbo 0xc000000f, ambao maana yake ni kwamba faili inayotafutwa haipo.

Jambo la kwanza la kusifu katika mazingira haya ni kwamba hayategemei Windows iliyoharibika. Kwa kawaida huwekwa katika sehemu yake ya diski, na yanapofunguliwa hupakiwa kwenye kumbukumbu ya RAM na kujipa herufi X, kwa hiyo uharibifu niliokuwa nimeufanya kwenye System32 haukuyagusa. Menyu ina njia kadhaa. Urekebishaji wa kiotomatiki unafaa kujaribiwa kwanza kwa kuwa hauombi ujuzi wowote, ingawa haukuandikwa kwa ajili ya mtu aliyefuta faili saba kwa mpigo. Kurudisha mfumo katika hali ya awali kunahitaji alama iliyohifadhiwa kabla ya ajali, nami sikuwa nayo hata moja. Kilichobaki, na ndicho ninachokipa alama za juu kabisa, ni kidirisha cha amri, ambamo mtu huandika amri kwa maneno.

Ndani ya kidirisha hicho kuna mtego ambao menyu haimtahadharishi mtu juu yake: herufi za diski zinaweza kubadilika. Diski niliyoizoea kama C ilikuwa imekuwa D. Njia rahisi ya kuhakikisha ni kuandika notepad na kubonyeza Enter. Notepad hufunguka, na ukienda kwenye kufungua faili na kuchagua kuona aina zote za faili, unaziona diski zote na folda zake. Kidirisha hicho kidogo cha kufungua faili kinaweza pia kunakili folda kutoka kwenye diski hadi kwenye fleshi, kwa hiyo kabla ya kugusa kitu kingine nilitoa kwanza kazi zangu za miezi kadhaa. Sijui ni nani aliyeamua kuiacha Notepad humo, lakini namshukuru.

Kisha, kwenye kidirisha cha amri, niliandika amri hii, ambayo hukagua faili za mfumo na kuzirekebisha: sfc /scannow /offbootdir=D:\ /offwindir=D:\Windows. Vipande viwili vya mwisho ndivyo vinavyobeba kazi yote, kwa sababu bila ya kuielekeza amri kwenye folda ya Windows iliyoharibika, haitaigusa. Mshale uliendelea kumetameta kwa muda mrefu bila kuonyesha asilimia yoyote, nami niliukodolea macho nikijizuia kubonyeza chochote. Baadaye ujumbe ulisema kwamba faili zenye kasoro zimepatikana na zimerekebishwa. Niliwasha upya mashine, na ikafika hadi kwenye skrini ya kuingiza neno la siri kana kwamba hakuna kilichotokea.

Sababu ya mafanikio hayo ni ileile iliyofanya nafasi ya diski isiongezeke. Faili nyingi za System32 na zile za WinSxS si nakala mbili, bali ni faili moja yenye majina mawili katika folda mbili. Nilikuwa nimefuta jina moja tu, huku data yenyewe ikibaki palepale chini ya jina la pili, na amri ya sfc hulijua ghala hilo la WinSxS. Kama ningeyafuta majina yote mawili, amri ingekosa mahali pa kuchota, na ingenilazimu kutumia DISM, zana nyingine ya Windows ya kurekebisha mfumo, pamoja na fleshi yenye faili za usakinishaji za toleo lilelile la Windows. Fleshi ya namna hiyo hutengenezwa kwenye kompyuta nyingine iliyo nzima, na iwe na nafasi isiyopungua GB 8.

Nina kasoro mbili za kuzitaja. Ya kwanza ni kwamba zana yenye nguvu kuliko zote, yaani kidirisha cha amri, imefichwa ndani ya chaguo za kina, ilhali chaguo la kuiweka upya kompyuta liko karibu zaidi na kidole cha mtu aliyetaharuki. Chaguo hilo, hata ukiliagiza lihifadhi faili zako binafsi, huondoa programu ulizosakinisha, na kwa ajali kama yangu ni sawa na kubomoa nyumba kwa sababu ya mlango. Ya pili inahusu diski iliyosimbwa kwa BitLocker, yaani iliyofungwa na zana hiyo ya Windows ili data yake isisomeke bila ufunguo. Yangu haikusimbwa, ndiyo maana Linux iliweza kuifungua, lakini mwenye diski iliyosimbwa ataombwa ufunguo wa tarakimu 48 kabla ya kuifikia. Mara nyingi ufunguo huo huwa umehifadhiwa katika akaunti ya Microsoft ya mwenye kompyuta, kwa hiyo autafute na kuuandika kwenye karatasi mapema, wakati laptopu yake bado inawaka.