Kamera ya Mtego na Mgeni wa Chini ya Tuta: Tathmini Baada ya Wiki Tano

Kwa muda wa miezi miwili kulikuwa na mnyama aliyejichimbia makao chini ya tuta la karoti katika bustani yangu, na kila aliyeyaona mashimo yake alimpa jina lake. Jirani alisema ni fuko, mke wangu akasema ni kindi, nami nilishikilia kwamba ni panya, ingawa sikuwa na ushahidi wowote ila mazoea ya kumtuhumu panya kwa kila kitu. Ubishi ulipozidi niliamua kununua kamera ya mtego, yaani ile inayofungwa mahali pamoja na kujipigia picha yenyewe mnyama anapopita mbele yake. Nimeitumia kwa wiki tano, na swali ninalotaka kulijibu hapa ni moja: je, kamera hii inamwezesha mtu asiye mtaalamu kumtambua mnyama mdogo, au inamthibitishia tu kwamba mnyama yupo?

Kamera yenyewe ni kisanduku cha plastiki kinachoenea viganjani, kinachotumia betri nane ndogo na kadi ya kumbukumbu ya gigabaiti 32. Ina kihisi kinachopokea joto, hivyo kitu chenye joto tofauti na mazingira yake kikikatiza mbele, kamera huamka na kupiga. Usiku humulika kwa taa za infraredi za nanomita 940 (kipimo cha urefu wa mawimbi ya mwanga), ambazo mwanga wake hauonekani kwa macho yetu. Zipo kamera nyingine za nanomita 850, ambazo humulika mbali zaidi lakini huacha wekundu hafifu unaoonekana gizani. Kwa mnyama aliye hatua mbili tatu kutoka kwenye lenzi umbali wa kumulika si hoja, kwa hiyo naona aina hii ya nanomita 940 ndiyo inayofaa bustanini.

Shida ilianza usiku wa kwanza. Niliifunga kamera kwenye mti wa uzio, nusu mita kutoka kwenye shimo, nikiamini kwamba ukaribu ndio utakaonipa picha safi. Asubuhi nilikuta picha kumi na moja za wingu jeupe lenye mkia. Kamera za namna hii hutengenezwa hasa kwa ajili ya wanyama wakubwa kama swala na nguruwe mwitu, na lenzi yake imekazwa ili ione vizuri kitu kilicho mita kadhaa mbele. Ukikisogeza karibu mno hufifia, na taa nazo hukiunguza kwa mwanga kiasi cha kufuta masikio, macho na manyoya. Kitabu cha maelekezo kina kurasa nne juu ya namna ya kufunga mkanda na hakina hata sentensi moja juu ya jambo hili, na hiyo ndiyo kasoro ninayoilalamikia kuliko zote. Dawa yake niliipata kwa kujaribu: niliirudisha kamera nyuma hadi mita moja na nusu, nikabandika kipande cha karatasi nyembamba juu ya taa, bila kuziba lenzi wala kihisi. Kuanzia hapo sharubu zilihesabika.

Mchana kamera hii ni dhaifu. Hewa na ardhi vikipata joto linalokaribia joto la mwili wa mnyama, kihisi hakioni tofauti na mnyama hupita bila kupigwa picha. Kinyume chake, majani yaliyopashwa na jua yakitikiswa na upepo huiamsha kamera kila mara. Siku moja nilipata picha mia nne za nyasi. Nilifyeka mbele yake, nikapunguza wepesi wa kihisi, nikaigeuza isitazame jua, na mambo yakatulia.

Kasi nayo inahitaji ujanja. Kati ya kuamka na kupiga hupita kitambo kidogo sana, lakini mnyama wa ukubwa huu hutumia kitambo hichohicho kutoweka. Nilipoielekeza kamera kwenye njia yake nilipata mikia mitupu. Nilipoielekeza kwenye mdomo wa shimo nilimpata mzima, kwa sababu kabla ya kutoka husimama pale akinusa hewa. Ninashauri pia kuchagua video ya sekunde kumi badala ya picha, kwani mwendo hueleza mengi ambayo picha moja haiwezi.

Sasa nije kwenye utambuzi wenyewe. Picha za usiku ni nyeusi na nyeupe, kwa hiyo rangi, ambayo watu wengi huitegemea, haipo kabisa. Kinachobaki ni umbo, kipimo na saa. Kipimo kamera haikupi: mnyama aliye peke yake katika picha anaweza kuwa na urefu wa kidole au wa mkono. Nilichomeka karibu na shimo kijiti chenye alama kila sentimita 5, na kijiti hicho kilinifaa kuliko kitufe chochote cha kamera. Saa iliyoandikwa chini ya picha nayo ilisema mengi. Mgeni wetu alitoka usiku kila siku, ilhali kindi ni mnyama wa mchana, basi hoja ya mke wangu ikaanguka. Ya jirani ilianguka kwa sababu fuko hukaa chini kwa chini na husukuma udongo juu bila kuacha mlango wazi, na huyu alikuwa na milango miwili iliyo wazi, kila mmoja ukiwa na upana wa sentimita 7 hivi. Tahadhari ni kwamba saa ya kamera hurudi mwanzo kila unapobadilisha betri, na usipoirekebisha utajidanganya mwenyewe.

Usiku wa tisa nilimpata ubavuni, kando ya kijiti. Pua ilikuwa butu, masikio madogo, mwili mnene, na mkia ulikuwa mfupi kuliko kichwa na kiwiliwili vikijumlishwa. Huyo ni panya wa kahawia. Panya mweusi, anayependa kupanda juu, ana pua iliyochongoka, masikio makubwa na mkia unaoupita mwili kwa urefu. Na kwa kuwa panya mweusi naye mara nyingi huwa na manyoya ya kahawia, pengine ni heri kwamba picha hazikuwa na rangi. Katika video mbili alipita pia kiumbe mdogo mwenye pua ndefu kama mrija na macho ya kutafuta kwa tochi. Huyo ni kirukanjia, anayekula wadudu na ambaye hahusiani na panya, hivyo nilimwacha na shughuli zake.

Programu ya simu inayokuja na kamera hudai kutambua wanyama. Mnyama yuleyule iliniandikia kwa siku tatu kuwa ni panya, kisha paka, kisha sungura, ambaye wala hayumo katika kundi la panya, maana nyuma ya meno yake ya mbele ya juu ana jozi nyingine ndogo. Kwa kuhamishia picha kwenye simu programu inafaa. Kwa utambuzi niliizima.

Betri zilidumu wiki tatu kwa matumizi ya video, na mvua mbili kubwa hazikuingiza maji. Kwa anayetaka kumjua mnyama wa ukubwa wa paka au zaidi, kamera hii itamtosheleza kama ilivyotoka kwenye boksi. Kwa mnyama mdogo ninaipa alama tatu kati ya tano, na hizo ni baada ya kuongeza karatasi, kijiti na uvumilivu wa wiki nzima.

Mkanda wa kitambaa unaokuja nayo haukufika wiki ya nne. Niliukuta umekatwa karibu na fundo, ukiwa na michirizi miwili miwili ya meno iliyo sambamba, na kamera imelala kifudifudi ikiwa na video tatu za giza zenye sauti ya kutafuna. Sasa nimeifunga kwa waya.